Vidonda vya kulala: mgonjwa uliyeko nyumbani fanya hivi kabla ngozi haijachanika

Naongea na wewe mgonjwa mwenyewe, sio anayekuuguza tu. Kama kiharusi kimekulaza, umevunjika nyonga au miguu haina nguvu, ngozi inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na masaa machache tu yanatosha kuanza kuiharibu. Afu wakati mwingine inaanzia ndani kwahiyo ukiona kitundu juu, chini huenda kumeshaoza.

Pa kuangalia ni mfupa wa mkia, visigino, nyonga, vifundo vya miguu na kisogo. Mgongo wako huuoni, kwahiyo anayekuogesha akupige picha na simu kila siku akuonyeshe. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu, mara nyingi hauonekani, apapase na mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pagumu, pametepeta au pamebadilika rangi? Basi hapo usipalalie tena mpaka parudi kawaida, na pasisuguliwe wala kukandwa.

Kugeuka ni kama kila masaa mawili, hata usiku, tegesha alamu na uite mtu, tafadhali usinyamaze eti unaogopa kuwasumbua. Usilalie nyonga moja kwa moja, inamia upande kidogo tu na mto mgongoni, mto mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Wakikusogeza wakunyanyue na shuka, wasikuburute. Wa kwenye kiti egemea pembeni kila baada ya robo saa hivi, na usikalie tairi, ule mpira wa duara wenye tundu katikati.

Sasa baridi ya huku kwetu, Mbeya, Makambako, Njombe, mwezi wa 6 na wa 7 mtu anafunikwa mablanketi asubuhi mpaka jioni hakuna anayemfunua, mkojo unakauka naye humohumo. Omba ufunuliwe, uoshwe na maji ya vuguvugu, ukaushwe bila kusugua, upakwe mafuta ya mgando. Na chupa ya maji ya moto miguuni hapana kabisa kama miguu haina hisia, utaungua bila kujua, vaa soksi.

Kula maharage, mayai, maziwa, dagaa. Ugali na mboga peke yake havijengi ngozi.

Ikichanika, osha na maji yaliyochemshwa yakapoa, funika na gozi safi ya kufungia kidonda, nenda zahanati siku hiyohiyo. Usiweke spiriti wala majivu. Ukiona usaha, harufu, weusi au homa, usisubiri kesho, nenda hospitali.