Wakulima wa mwani, acheni kung'oa majani ya bahari

Jamani wakulima wa mwani, hasa nyinyi mama zangu na dada zangu wa huku Unguja, wa Paje, Jambiani, Bwejuu na kule Chwaka, leo tuongee habari ya kusafisha shamba. Manake kila bamvua, yale maji yanapokupwa sana, nikishuka pwani nakuta mtu anapiga vigingi vipya vya kufungia kamba za mwani na kabla hajafunga hata kamba moja ameshang'oa majani yote ya chini, kayatupa pembeni, mchanga umebaki mweupe kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya shughuli. Ukimuuliza anakwambia shamba lazima liwe safi. Tabia hii tumeitoa kwenye mihogo huko juu, ambako jani kweli linagombania chakula na mhogo. Mwani hauna mizizi, unakula kwenye maji yanayopita, na hayo majani ya bahari sehemu kubwa ya chakula chake yanachota mchangani, kwa hiyo hayagombanii chakula na mwani.

Bamvua lijalo maji yakikauka hebu chuchumaa mahali penye majani mengi uyafunue kwa mikono taratibu, kama unavyofunua nywele za mtoto kutafuta chawa. Utaona uduvi wa kung'aa mdogo kama punje ya mchele, konokono wanapanda majani, kaa wadogo, vitoto vya samaki kama tasi na changu kwenye kidimbwi kilichobaki, na ukipapasa chini kabisa unakutana na chaza. Lile jani lenyewe ukilishika linateleza, ule utelezi ndio malisho ya konokono na uduvi, na uduvi ndio chakula cha samaki. Sasa sogea hatua tatu pale paliposafishwa. Mchanga mtupu una mikunjo ya mawimbi, basi.

Sababu yake ni nyumba. Samaki mdogo anataka mwanya unaomtosha yeye na usiomtosha anayemla, pweza anataka tundu lake, kaa lake, kwa hiyo mahali penye majani marefu na mafupi, mawe, vipande vya matumbawe na mashina panakaa viumbe wengi wa kila saizi, pakiwa tambarare wanabaki wachache tu. Mwaka 1998 maji yalipochemka na matumbawe mengi ya huku kwetu yakageuka meupe yakafa, yaliyokufa yalikuja kumong'onyoka polepole na samaki waliokuwa wanajificha mle wakakosa pa kukaa. Majani tunayong'oa kwa mkono ni hasara hiyohiyo, ila hii tunaifanya wenyewe.

Najua mtaniambia tasi wanakula mwani. Ni kweli, wanakula, na inauma kukuta kamba imebaki vijiti vitupu baada ya wiki nne za kazi. Lakini tasi anakula na majani pia, ukimuondolea hayo unadhani atakula nini? Mi naona bora kuhamisha kamba zikae kwenye mchanga mbali kidogo na majani, na wenye madema watege hapohapo, tasi ni kitoweo kizuri. Wapo pia wanaosema mwani wenyewe nao ni kichaka, samaki wanajificha humo. Wanajificha ndio, lakini baada ya wiki sita unavuna na kichaka chote kinaondoka siku moja. Kwa hiyo vuna kamba moja uruke moja, iliyobaki uifuate bamvua linalofuata.

Na ukiwa unatafuta eneo jipya anza na mahali ambapo tayari ni mchanga, wala usipange kamba chini sana zikakaa juu ya majani na kuyanyima jua, zinyanyue. Yale majani mapana yenye mizizi minene ukiyang'oa yanachukua miaka kurudi, yale madogo membamba yanarudi mapema. Mizizi hiyo ndiyo inashika mchanga, ikiondoka mchanga unatembea, maji yanachafuka, vumbi linakaa juu ya mwani na unaona umepoteza rangi.

Vigingi navyo. Tafadhali msikate mikoko, mkoko magondi mmoja na mizizi yake ile iliyopinda kama miguu ya kaa ni nyumba ya kamba wale wa kuliwa na vitoto vya samaki kibao, tumieni miti ya kupanda ya nchi kavu hata kama inaoza haraka kidogo. Mkigeuza jiwe kutafuta pweza lirudisheni lilivyokuwa, upande wa chini una viumbe wanaokufa wakipigwa na jua.

Kama ulishasafisha, usijilaumu, kilimo hiki kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 wengi walifundishwa hivyo hivyo. Acha tu mistari ya majani yajiotee katikati ya vitalu, upana wa hatua mbili hivi, usiyakanyage unapofunga, pita njia moja kila siku. Na zile taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zilizokatika zitie kwenye kapu urudi nazo nyumbani, usiziache zikazongana na majani machanga.