Jinsi ya kuomba mkopo wa asilimia 10 Jiji la Mbeya

Mama muuza viazi wa Uyole na kijana wa bodaboda wa Mwanjelwa wanaweza kuomba fedha za mfuko mmoja. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata.

Anzeni na watu, fomu baadaye. Wanawake au vijana wawe watano au zaidi, na kijana hapa ni wa miaka 18 hadi 45, kwa hiyo usijizeeshe mapema. Kwa wenye ulemavu idadi ni ndogo zaidi. Shemeji msimwingize kujaza nafasi. Akitoweka, deni ni lenu.

Kisha nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Atawaelekeza kusajili kikundi, na mtahitaji katiba, namba za NIDA, barua ya mtendaji wa mtaa na akaunti ya benki yenye jina la kikundi.

Daftari la mihutasari ya vikao ndilo linaloumbua wengi. Letu lilirudishwa mara mbili. Katibu wetu alikesha usiku mmoja akiandika vikao vya miezi mitatu, wino uleule, na saini zote zimelalia kulia kama yake. Afisa alifunua kurasa nne, akalifunga, akacheka. Andikeni kikao siku ya kikao, hata kama mmekutana dakika kumi nyuma ya kibanda.

Andiko la mradi lisiwe insha. Kama ni viazi, onyesheni bei ya gunia shambani, nauli ya gari, ndoo mnazouza kwa wiki na kinachobaki. Mkinunua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, pigeni hesabu kwa kilo, maana hapo ndipo faida hupotea bila mtu kujua.

Maombi huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Afisa wa kata husaidia. Yakipita kwenye kamati, mtapewa mafunzo, mtasaini mkataba, na fedha zitaingia kwenye akaunti.

Zikiingia, msigawane. Maafisa wakija kukagua watataka kuona magunia.