Kifaranga Asiyekula: Angalia Joto Kabla ya Kuongeza Chakula

Mfugaji wa Unguja au Pemba anayepokea vifaranga wa siku moja waliovushwa kwa boti kutoka Dar es Salaam mara nyingi huanza kuhangaika na chakula. Huwamwagia unga, akiona hawaugusi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua vitamini, ilhali katika siku hizo za mwanzo kifaranga anayezubaa mbele ya chakula aghalabu ana baridi tu. Mwili wake uliofunikwa na vinyoya laini bado hauwezi kulinda joto lake wenyewe, na anayetetemeka hujikunyata badala ya kudonoa. Mabaki ya kiini cha yai tumboni humsaidia kuvumilia safari kwa siku 2 hadi 3, lakini akiba hiyo isiwe sababu ya kumchelewesha.

Kwa hiyo sehemu ya kulelea ipashwe joto saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika. Itandazwe pumba kavu za mpunga au maranda ya mbao kwa unene wa sentimita 5 hivi, kwa sababu sakafu ya saruji hunyonya joto kupitia miguu, na uzio wake uwe wa duara ili wasirundikane pembeni na kukanyagana. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, likipimwa usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki.

Hapa Visiwani vipimo hivyo vinahitaji busara. Wakati wa kaskazi, chini ya paa la bati, jua la mchana pekee laweza kufikisha au kupita joto hilo, na mfugaji anayeacha taa ya kupashia joto ikiwaka kutwa huwaua kwa joto. Usiku wa masika au wa kipupwe, taa hiyohiyo yaweza isitoshe. Vifaranga wenyewe ndio kipimo cha kuaminika zaidi: wakijibana chini ya taa na kulia kwa sauti kali wana baridi, wakiikimbia, wakatanua mbawa na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto, wote wakiwa upande mmoja, upepo unapenya upande wa pili. Waliotawanyika wakila na kulala hapa na pale wako sawa.

Umeme ukikatika, jiko la mkaa hufaa, ila liwashwe nje mpaka moshi uishe, lizungushiwe wavu, na sehemu ya juu ya banda ibaki wazi. Mkaa hutoa gesi yenye sumu isiyo na harufu, na banda lililozibwa kwa nailoni kila upande ni hatari kwa kuku na kwa binadamu.

Joto likishakaa sawa, maji hutangulia. Yawe ya uvuguvugu, yakitiwa sukari kidogo kwa waliochoka na safari, katika chombo kisicho na kina au kilichowekwa vijiwe ili wasizame. Wachache wachovywe ncha ya mdomo, wengine wataiga. Baada ya saa moja au mbili, chakula cha vifaranga kinyunyizwe juu ya karatasi na kugongwagongwa kwa kidole, jinsi mama kuku anavyodonoa kuwaita wanawe. Mwanga uwepo usiku pia kwa siku 2 au 3 za mwanzo. Chakula kilichopata unyevu na kuvunda kisitumike hata kama ni hasara, kwani huweza kubeba sumukuvu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Usiku wa kwanza, papasa gole, yaani kifuko cha chakula chini ya shingo, za baadhi yao. Gole laini na la mviringo linaonyesha kuwa amekula na kunywa. Gumu, amekosa maji. Tupu, mrudishe karibu na joto na umchovye mdomo tena. Aliyegandwa na kinyesi mkunduni asafishwe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, akaushwe kabla ya kurudishwa.

Ikiwa joto ni sahihi na bado gole ni tupu siku ya pili, au wanaharisha na kuning'iniza mbawa, muite afisa mifugo wa eneo lako kabla ya kununua dawa yoyote, na aliyekufa karibuni umwonyeshe kabla ya kumzika.