Jinsi ya kuchora ramani ya Mto South Nahanni ukianzia mdomoni

Mito mingi nawaelekeza wanafunzi waichore kutoka chanzo kushuka. Huu wa kaskazini-magharibi mwa Kanada naugeuza, kwa sababu makorongo yake manne yamehesabiwa kutoka chini kwenda juu, kama alivyoyakuta msafiri aliyepanda mto kwa mtumbwi. Ukianzia juu utayachanganya.

Hatua ya 1. Fungua picha za setilaiti za Julai au Agosti. Za majira ya baridi hazifai: mto umeganda na theluji imefunika kingo. Tafuta mji wa Fort Simpson, mahali Mto Liard unapoingia Mto Mackenzie. Maji ya rangi mbili huenda sambamba. Yenye tope ni ya Liard.

Hatua ya 2. Panda Liard hadi kijiji cha Nahanni Butte. Mdomo wa mto wetu, yaani mahali unapoingia Liard, ni hapo.

Hatua ya 3. Juu ya kijiji mto umegawanyika mikondo mingi, maana ukitoka milimani hupungua kasi na kumwaga changarawe. Usichore kila mkondo, mafuriko huihamisha. Chora ukanda mmoja mpana.

Hatua ya 4. Sasa makorongo, na hapa tulia. Washa mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Kuta zinazidi mita 1,000 mahali pengine, na bado mto unajipinda kama nyoka. Kujipinda hivyo ni tabia ya mto wa tambarare! Mto huu ulikuwepo kabla ya milima. Ardhi ilipoinuka polepole, maji yaliendelea kukata njia yao ileile ya zamani. Mwanafunzi akinyoosha mipindo ili mchoro upendeze, namwambia aanze upya, kwani amefuta ushahidi wenyewe. Katika Korongo la Tatu, sogeza picha karibu mahali paitwapo The Gate, uone mto unavyogeuka ghafla chini ya ukuta wa mwamba uliosimama wima.

Hatua ya 5. Baada ya Mto Flat kuingia, linafuata Korongo la Nne, linaloishia kwenye maporomoko ya Náįlįcho, yenye kimo cha mita 96 hivi, karibu mara mbili ya Niagara. Maporomoko ndiyo yaliyolichonga korongo hilo, yakila mwamba na kurudi nyuma. Ramani nyingi huandika Virginia Falls. Andika majina yote mawili, la Wadene, wenyeji wa asili, likitangulia, maana bonde ni lao.

Hatua ya 6. Endelea hadi chanzo, vidimbwi vya Moose Ponds, karibu na Mlima Wilson. Pima mstari wako: unatakiwa ukaribie kilomita 560. Ukipungua sana, rudi Hatua ya 4 ukaangalie mipindo.