Kuuandaa Udongo Kabla ya Kupanda Maboga

Anayekusudia kupanda maboga kwa mvua za vuli katika ukanda wa pwani ya Tanzania, ambazo kwa kawaida huanza Oktoba, hana budi kuushughulikia udongo tangu Agosti, kwa sababu samadi huhitaji muda wa kuiva na udongo huhitaji muda wa kuipokea.

Achague mahali penye jua la kutwa, ambapo kwa miaka 3 hapajapandwa maboga, matango wala matikiti, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na vimelea vya magonjwa yake hubaki ardhini. Kisha aufumbate udongo wenye unyevu kidogo: ukimwagika kama sukari ni kichanga, ukibaki donge linalonata kiganjani ni mfinyanzi. Sehemu kubwa ya pwani ni kichanga, nacho hupoteza maji na rutuba upesi, hivyo mbolea ya dukani pekee haisaidii sana pasipo samadi au mboji ya kushika unyevu. Kwenye mfinyanzi yafaa kuinua tuta, maana mizizi ya boga haivumilii maji yaliyotuama.

Samadi ndiyo inayotaka uangalifu kuliko yote. Ikiwa mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Mimi mwenyewe nilipoteza miche ya mashimo 6 kwa kuiharakisha. Chimbua katikati ya lundo uingize mkono: ukikuta joto, au harufu kali inayochoma pua, bado haijaiva. Lundo lililokauka nalo hupoa bila kuoza, kwa hiyo linyunyizie maji, uligeuze, ungoje tena. Samadi iliyoiva ni nyeusi, hupukutika vidoleni, na hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Mashimo yawe na upana wa sentimita 60 na kina cha 45, yakiachana mita 2 hadi 3. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe moja la samadi kwa kila shimo, urudishwe, umwagiliwe na kufunikwa kwa nyasi kavu kwa wiki 2 au 3. Majivu ya jikoni huongeza potasiamu, lakini konzi moja yatosha, kwani hupunguza uchachu wa udongo, na boga hustawi vizuri kwenye pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.8. Urea, mbolea ya dukani ya kukuzia majani, isizidishwe, isipokuwa kwa anayelenga majani ya mboga, kwa kuwa mmea hutambaa sana na kuzaa kidogo.

Shimo likititia baada ya kumwagiliwa, liongezewe udongo mpaka liinuke kidogo kuliko ardhi inayolizunguka, ndipo zifukiwe mbegu 3.