Somo: jinsi ya kuitambua saa ya mfukoni ya kike ya zamani na kujua thamani yake

Wadau habari zenu. Kila mara mtu anatuma picha ya kisaa kidogo cha dhahabu, mfuniko umefungwa, amekirithi kwa bibi yake, halafu swali linakuwa moja tu, hii inauzwaje? Sasa mimi ntajibu nini, ni sawa na kuuliza bei ya mzigo ambao bado uko ndani ya gunia. Kwa nje saa hizi zinafanana mno, mbili zinaweza kuwa na maua yale yale ya kuchongwa, moja ni dhahabu tupu na nyingine ni shaba iliyovalishwa ngozi ya dhahabu. Kwa hiyo leo twende taratibu, mwisho nimeweka maswali ambayo wenzetu wameuliza.

Kwanza tuelewane, tunaziita za mfukoni kwa mazoea tu, wanawake wengi walizining'iniza kwenye mkufu mrefu shingoni au walizibana kifuani kwa bruchi (pini ya pambo ya kubana kwenye nguo), ndo maana ni ndogo na zimerembwa hata mgongoni, kwa sababu zilikuwa pambo zinazoonekana na watu.

Hatua ya 1: pima ukubwa
Saa za Marekani zina saizi zake kwa namba, na kinachopimwa ni lile bamba la mashine lililo chini ya uso wa saa, sio kasha. Saizi 0 ni milimita 29.6 hivi, saizi 6 ni 34.7, na hizo ndo za kike za kawaida, kuna na ndogo zaidi zinaandikwa 3/0 au 6/0. Za kiume ni saizi 12 (karibu milimita 40), 16 (43) na 18 (45). Za Uswisi na Ufaransa zinapimwa kwa ligne, moja ni milimita 2.256. Kama yako ina kasha pana lakini ndani mashine ni ndogo usishangae, yapo.

Hatua ya 2: ifungue, ila kwa adabu
Hapa ndo watu wanaharibu. Kuna kasha lenye bawaba, ukiangalia ukingoni utaona kijino kidogo cha kuingizia ukucha, na kuna linalofunguka kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa. Jaribu kuzungusha kwanza kwa kiganja. Mimi miaka hiyo nilichukua kisu cha jikoni nikajifanya fundi, kikateleza kikaenda kugonga uso wa enameli (ule unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bamba), ukapata ufa kuanzia saa tatu mpaka saa saba, na ile saa ilikuwa haina hata kovu. Mpaka leo ninayo, inanikumbusha ujinga wangu. Ukishindwa mpelekee fundi saa akufungulie, ni kazi ya dakika moja.

Saa nyingi za Ulaya ukifungua mgongo unakuta mfuniko mwingine wa ndani, unaitwa cuvette, umeandikwa maneno ya Kifaransa. Na hapo sasa ndo kwenye vituko. Mtu anakuja anasema nina saa ya kampuni ya Remontoir. Hakuna kampuni hapo, maana yake ni saa inayotiwa ufunguo kwa kile kifundo cha juu. Cylindre na Ancre ni aina ya mfumo unaoachia meno ya gurudumu, 10 rubis ni mawe kumi (vito vidogo vya kupunguza msuguano ndani ya mashine), na Spiral Breguet ni jinsi uzi wa balansi, lile gurudumu linalocheza huku na huko, ulivyopindwa juu, haina maana kwamba Breguet, fundi saa maarufu, kaitengeneza. Na ukiona neno cuivre au métal kwenye mfuniko huo, wanakwambia kwamba mfuniko wa ndani tu ni madini ya kawaida, migongo ya nje inaweza kuwa dhahabu kabisa, hivyo usikate tamaa.

Hatua ya 3: soma mashine
Jina la kwenye uso wa saa mara nyingi ni la duka lililouza. Jina na siriali namba unavyovitaka viko kwenye mashine. Kampuni za Waltham na Elgin ndo utakutana nazo sana kwa upande wa Marekani, na uzuri wao namba za mashine zina orodha za miaka, mfano Elgin walifika milioni kumi mwaka 1903 hivi. Uswisi mashine nyingi hazina jina kabisa, zilitengenezwa na warsha ndogo ndogo, hapo unasoma dalili. Kile kimshale cha kuharakisha au kupunguza mwendo kikiwa na herufi A na R ni Kifaransa, F na S ni saa iliyolenga wanunuzi wanaosoma Kiingereza. Angalia pia inatiwaje ufunguo. Fundi saa Adrien Philippe alitengeneza mfumo wake wa kutumia kifundo badala ya ufunguo miaka ya 1840, na mwaka 1851 kwenye maonyesho makubwa ya London Malkia Victoria alichukua saa ya kampuni ya Patek Philippe ya bluu ya kuning'iniza, lakini kwa watu wa kawaida ufunguo uliendelea miongo kadhaa. Kwa hiyo tundu la ufunguo linasaidia kukisia umri ila halitoshi peke yake.

Halafu angalia kama ni ya silinda (ile Cylindre) au ya ancre. Za silinda zilitengenezwa kwa wingi na kwa bei rahisi, zinachakaa, na fundi wa kuzitengeneza leo ni wa kutafuta kwa tochi.

Hatua ya 4: mihuri, na hapa nataka ukae kidogo
Chukua lenzi ya sonara ya mara kumi, mwanga wa pembeni, tulia. Mihuri iko ndani ya mgongo, mingine kwenye kile kipete cha juu. Uswisi kuanzia miaka ya 1880 hadi 1934 walikuwa na wanyama wao: kindi ni dhahabu ya karati 14, kichwa cha mwanamke Helvetia ni karati 18, dubu aliyesimama ni fedha 0.875 (yaani sehemu 875 kati ya 1000 ni fedha safi), na ndege mfano wa kwale ni fedha 0.800. Ufaransa kichwa cha tai ni dhahabu yao ya karati 18, na bundi ni dhahabu iliyoingia kutoka nje, kuanzia 1893, bata maji ni fedha ya kutoka nje. Uingereza simba anayetembea ni fedha ya sterling, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na kuna herufi ya mwaka ambayo ukiipata kwenye jedwali la mji husika unajua mwaka wenyewe. Kuanzia katikati ya 1907 makasha ya nje yakiingia Uingereza yalilazimika kupigwa mhuri huko, kwa hiyo saa ya Uswisi yenye mhuri wa Uingereza wa uagizaji na .375 (dhahabu ya karati 9) ni ya baada ya hapo.

Marekani hakukuwa na ofisi ya serikali ya kupiga mihuri, unategemea neno la mtengeneza kasha, na mtego mkubwa uko hapa: ukiona 14K ikifuatana na miaka, mfano Warranted 20 Years au Guaranteed 25 Years, hiyo sio dhahabu tupu, ni bamba la madini ya kawaida lililovishwa dhahabu pande zote mbili, na miaka ni dhamana kwamba haitachubuka. Mwaka 1924 utaratibu wa kuandika miaka ulipigwa marufuku, kwa hiyo pia inakusaidia kukadiria umri. Angalia kwenye pembe za bawaba na ukingo ulioguswa sana, ukiona rangi ya shaba inachungulia, jibu umepata.

Hatua ya 5: hali yake
Uso wa enameli ukiwa na nyufa nyembamba kama unywele thamani inashuka, ukiwa umebanduka kipande inashuka zaidi. Mishale iwe ya saa hiyo hiyo, isionekane imetolewa kwenye saa nyingine. Bawaba zifunge kwa mlio. Mchongo uwe bado mkali kwenye vidole. Usiisugue kwa poda ya kung'arisha, narudia usiisugue, unafuta mchongo na mihuri kwa pamoja halafu unakuja kuniuliza namba ni ngapi.

Hatua ya 6: bei
Kuna bei tatu, usizichanganye. Ya kwanza ni ya madini. Mpe fundi atoe mashine na kioo, upime kasha tupu. Tuseme ni gramu 14 za karati 14, zidisha kwa 0.585 (ndo sehemu ya dhahabu safi kwenye karati 14) unapata dhahabu safi gramu 8.19, hiyo unaizidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, na mnunuzi atakupa chini ya hapo maana naye ana gharama. Ya pili ni ya mkusanyaji, unaipata kwa kuangalia saa kama yako zilizouzwa kweli mnadani, sio zile zinazoombewa bei maana mtu anaweza kuomba chochote. Ya tatu ni ya bima ambayo huwa juu, hiyo usiitumie kuuzia.

Ukweli mchungu ni kwamba saa nyingi za kike zinauzika chini ya za kiume, zilitengenezwa nyingi na watu wengi wanakusanya za kiume. Zinazopanda ni za enameli ya rangi iliyo nzima, zenye almasi ndogo au lulu, makasha ya dhahabu ya rangi kadhaa (nyekundu, kijani, njano pamoja), majina makubwa, na zile zenye boksi lake na bruchi yake ya asili.

MASWALI

Swali: Namba ya kasha inanipa mwaka mmoja na ya mashine mwingine kabisa, nimepigwa?
Jibu: Hapana mkuu. Namba ya kasha ni ya mtengeneza kasha, haina uhusiano na orodha ya miaka ya Elgin wala Waltham. Marekani mteja alikuwa anachagua mashine na kasha kivyake dukani. Tumia namba ya mashine tu.

Swali: Ya mama yangu mkubwa haitembei, wanasema alizidisha kuikaza. Niitengeneze kwanza ndo niuze?
Jibu: Saa kukazwa ikafika mwisho ni kawaida yake, haiharibiki kwa hilo. Ikikwama mara nyingi ni mafuta yaliyoganda na vumbi, au kuna kitu kimevunjika. Kama ni ya silinda ya kawaida uza ilivyo ukisema wazi haitembei, matengenezo yatakula hela yote. Kama ni enameli nzuri au jina kubwa, uliza fundi gharama kwanza. Usiilazimishe kuizungusha.

Swali: Enameli ya bluu mgongoni imebanduka kidogo, nipake rangi ya kucha inayofanana?
Jibu: Dada yangu, naomba uache. Mnunuzi ataiona kwa lenzi sekunde ya kwanza na atahisi kuna kingine umeficha. Piga picha karibu, onyesha kovu.

Swali: Nina ya ufunguo lakini ufunguo umepotea, kuna jamaa anataka kutumia koleo.
Jibu: Mnyang'anye. Funguo zina saizi kwa namba, zinauzwa kwa seti, unajaribu mpaka unaoingia bila kulegea. Koleo litakula pembe za ule mhimili, halafu hakuna ufunguo wowote utakaoshika tena.

Swali: Sonara anataka kuinunua kwa gramu, kapima saa nzima na kioo chake. Ni sawa?
Jibu: Akipima nzima hata yeye hajui ananunua nini, atajilinda kwa kukushusha bei. Mwambie itolewe mashine mbele yako kisha apime tena. Na kabla hajayeyusha kasha, tuma picha ya mashine na ya mihuri hapa.