Namna ya kupiga ringi kwenye turubai lihimili upepo wa ziwa

Turubai lililochanika likiletwa kwenye kibanda changu hapa Mwanza, mara nyingi ringi yenyewe, yaani kile kiduara cha chuma kwenye tundu la kupitishia kamba, ni nzima. Inaning'inia kwenye kamba, na pale ilipokuwa pamebaki pengo. Mzigo wote unabebwa na kitambaa; kazi ya ringi ni kuzuia kamba isikisage kitambaa. Kwa hiyo jasho lako liishie zaidi kwenye pindo.

Chagua ringi. Ringi moja ni vipande viwili: ringi yenyewe yenye shingo (kimrija kinachopita kwenye tundu), na washa, yaani kiduara bapa kinachobana kitambaa upande wa pili. Kuna bapa, ambazo washa yake haina meno. Hizo zinatosha kwa bango au turubai la ndani. Kwa turubai la kufunika dagaa Igombe au mzigo kwenye boti ya Ukerewe, chukua zenye washa ya meno, kwa sababu meno yanang'ata kitambaa kisiteleze. Tundu la milimita 12 linapitisha kamba nyingi za kawaida. Za chuma cha kupakwa zinki ni rahisi, lakini mpako ukichubuka kutu inaingia na kitambaa kinaliwa pembeni. Bora shaba ya njano au stenlesi.

 

Tengeneza pindo. Kunja ukingo mara mbili, upate pindo la sentimita 4, ushone mistari miwili. Kwenye pembe ongeza kiraka cha pembetatu ndani ya mkunjo. Usiruke kiraka. Pembe ndiyo inayovutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo inayotangulia kuachia.

Pima. Anza na pembe zote nne, kisha weka alama kila sentimita 50, katikati ya pindo.

Toboa. Weka pindo juu ya kichwa cha gogo, tumia chuma cha kutobolea chenye mdomo wa duara. Tundu liwe dogo kidogo kuliko shingo ya ringi, shingo iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Wengi hutoboa kwa msumari wa moto. Naomba uache. Plastiki ikiyeyuka inaganda ngumu kuzunguka tundu, na upepo ukiitikisa inapasuka.

Piga. Kitako cha chuma, kile kinacholaliwa na ringi wakati wa kupiga, kikae juu ya kitu kigumu na bapa. Mawe yetu ya Mwanza yamejaa mabonde, ringi italala upande. Weka ringi juu ya kitako, shingo ikitazama juu, shusha turubai, kisha washa, meno yakitazama kitambaa. Simamisha chuma cha kupigia wima, upige nyundo mara mbili au tatu za uhakika. Shingo inatakiwa kujikunja kama mdomo wa sufuria. Ikipasuka vipande, umepiga kwa nguvu mno: ing'oe, weka nyingine.

Sasa shika washa uizungushe kwa vidole. Ikizunguka, haijashika, ongeza pigo moja.

Funga. Kati ya ringi na kamba weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Upepo wa ghafla ukilipiga turubai, mpira unavutika kwanza na kurudi, na pindo linapona.